Kuku wa Marehemu

Kilichomtoa Fundi kwenye kochi kila asubuhi ni kelele za kuku. Tangu mkewe azikwe alikuwa akilala sebuleni na nguo zake za kazi, na kulipopambazuka kuku wa marehemu walikuja kupiga kelele nje ya mlango wa jikoni mpaka aamke awamwagie chakula. Hakuwapenda, tusidanganyane. Yeye alikuwa mtu wa chuma na moto, karakana yake ya mageti ilikuwa pale pale mbele ya nyumba, na miaka yote ya ndoa yao kuku walikuwa mambo ya mke kama mashine ya kuchomelea ilivyokuwa mambo ya mume. Lakini walipiga kelele, naye akaamka. Akishaamka alinawa uso, akishanawa uso alifungua karakana, na siku ikaenda.

Jumatatu hiyo kelele zilikuwa za namna nyingine. Alipotoka alikuta manyoya yametapakaa uani, na karibu na beseni la maji amelala kuku mweupe, shingo imetafunwa. Wengine walikuwa wamejibana ukutani wakilia wote kwa pamoja. Mlango wa banda ulikuwa wazi, kwa sababu jana yake jioni alisahau kuufunga. Fundi alisimama akimtazama yule kuku. Alijua kwamba mtu hapo huona huruma, au hukasirika, au angalau hutukana. Alisubiri. Hakusikia kitu.

Ndivyo alivyokuwa tangu msiba. Makaburini hakutoa chozi, na watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Baadaye sifa zikachacha, mtaa ukaanza kunong'ona kwamba yule bwana hata jicho halikumlowa, sijui ana moyo gani. Si kwamba hakujaribu. Siku moja alifungua kabati la nguo za mkewe, akakaa mbele yake kwenye kigoda, akangoja. Baada ya muda aligundua kwamba bawaba ya mlango inalia, akaenda kuleta oili akaipaka, akafunga kabati. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi kama mkono ulioulalia, na tofauti yake ni kwamba mkono ukiutikisa huamka.

Bado ameshika koleo la kumzikia kuku, dada wa marehemu akaingia. Huyu alikuwa na desturi ya kupiga hodi akiwa ameshaingia. Alikuwa msusi, mwenye vidole vigumu na ulimi mgumu zaidi, na wateja wake walijua kwamba ukishakaa chini yake kichwa si chako tena. Kila Jumatatu alifunga saluni akaja kumwangalia shemeji yake. Alisema anakuja kuona kama anakula. Kwa kweli alikuja kumwangalia macho.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Kicheche."

"Kicheche hana mikono ya kufungulia mlango. Ulifunga?"

Fundi akalihamishia koleo mkono wa pili.

"Shemeji, nakuuliza wewe. Ulifunga?"

"Nilisahau."

Shemeji akampita. Alikwenda kwenye banda, akainama, akabonyeza ubao wa chini kwa kidole. Kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa. Banda hilo marehemu alilijenga kwa mikono yake, kwa mbao za makasha, mlango aliung'oa kwenye kabati bovu la vyombo, na bawaba zilikuwa vipande vya ndara zilizokatika.

"Fundi wa mageti ya mji mzima," shemeji akasema bila kugeuka, "na mdogo wangu kafa kuku wake wanalala kwenye kabati."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mkewe alimwomba banda, akamwomba tena, na Fundi kila mara alimjibu kesho. Hakuwa na nia mbaya. Kila siku kulikuwa na geti la mtu linalosubiriwa, na mke hana haraka kama mteja, au ndivyo alivyojipa moyo.

"Jumamosi nakuja na matenga," shemeji akaendelea. "Nawabeba wote. Hawa ni kuku wa mdogo wangu, hawataliwa na kicheche mimi niko hai."

"Nitawajengea," Fundi akasema.

Sauti ilimshtua mwenyewe. Ilitoka kabla hajaipangia.

"Wewe?"

"Banda jipya. Jumamosi utalikuta."

Shemeji alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Haya. Nitakuja jioni, nikae hapa, nione kwa macho yangu kuku wanaingia kulala kwenye banda la maana. Wakiingia, naondoka na matenga yangu matupu. Wasipoingia, usinifungulie mdomo."

Alipoondoka, Fundi alichimba shimo nyuma ya choo akamfukia yule kuku mweupe, na wakati anachimba akajiuliza kwa nini amejitia kwenye jambo hili. Jibu halikuwa mbali. Kuku wakiondoka hakutakuwa na kelele asubuhi. Pasipo kelele hataamka. Atalala pale kwenye kochi siku hiyo, na siku itakayofuata, mpaka watu waje wavunje mlango. Alilifikiria jambo hilo kama anavyofikiria urefu wa bomba, bila huzuni yoyote. Halikumtisha hata kidogo, na kule kutotishika ndiko kulikomfanya atupe koleo akaenda kuchukua tepu ya kupimia.

Akajenga kama anavyojua kujenga. Fremu ya vyuma vya pembe, miguu minne mifupi, mabati mazito ukutani kote, mlango mmoja wenye bawaba za geti na komeo ambalo lingemzuia ng'ombe. Wateja walikuja kuulizia kazi zao, akawaambia wasubiri, wakashangaa, maana Fundi hakuwa mtu wa kuweka kazi ya mtu kando. Alikata, akachomelea, akasugua kwa grenda mpaka viungo vikawa laini. Juu ya mlango aliweka hata maua ya chuma, yale yanayowekwa kwenye mageti ya wenye nazo. Hakuyaweka kwa mapenzi. Mkono uliyazoea tu.

Siku aliyomaliza kuta, Mzee Chanjo alipita. Huyu ndiye aliyewachanja kuku wa mtaa mzima, ndipo alipopatia jina, na alikuwa na tabia ya kumkodolea macho kila anayezungumza naye kana kwamba anamtafutia dalili za ugonjwa. Alilizunguka banda mara mbili.

"Unamfungia nani humu, Fundi? Jambazi?"

"Kuku."

"Wamefanya kosa gani?"

Fundi hakucheka. Mzee Chanjo akafungua mlango, akaingiza mkono, akautoa haraka. Jua lilikuwa la utosi.

"Hili si banda, hili ni tanuri. Hakuna hata tundu la kupumulia. Ingia wewe ukae humo, ukitoka mzima na kuku tutawaingiza."

Alisema kwa utani. Lakini Fundi aliinama, akaingia, akajikunja magoti kidevuni, akavuta mlango. Ndani kulikuwa kweusi na bati lilichoma mgongo. Jasho lilianza kwenye kope, likateremka shingoni, likalowesha shati. Fundi alijua kwamba kuna joto kali, alilijua vizuri kabisa, ila halikumsumbua. Akaendelea kukaa.

"Fundi?" Mzee Chanjo akagonga bati. "Basi toka, nilikuwa natania."

Akagonga tena, kwa kiganja kizima.

"Fundi! We bwana!"

Mlango ukafunguka, Fundi akatoka anatiririka kama aliyetolewa kisimani. "Kweli," akasema, "kuna joto." Akachukua grenda, akaanza kukata mabati upande wa juu ili aweke wavu. Mzee wa watu alimkodolea macho kwa muda mrefu, na safari hii hakuwa anatania. Alibaki pale mpaka kazi ilipokwisha, akimwelekeza, na nadhani alibaki kwa ajili ya mtu zaidi ya kuku. Alimwambia aondoe lile bomba aliloliweka la kuku kulalia, kwa sababu chuma kinateleza na asubuhi kinakuwa baridi, aweke fito za mti zenye magome yake. Alimwonyesha namna ya kukata madumu ya plastiki na kutia nyasi kavu ili wapate pa kutagia. Fundi alifanya kila alichoambiwa. Ijumaa alipiga rangi ya kijani, ile ile ya mageti.

Jumamosi mchana alibomoa banda la zamani. Halikumpa taabu, mbao zilimegukia mikononi. Kilichobaki ni misumari, yote imepinda, maana marehemu hakuwahi kujua kupiga msumari ukaenda wima. Mwingine ameupiga ukalala, akaupigilia hivyo hivyo, akaongeza mwingine pembeni nao ukalala. Fundi aliushika mmoja kiganjani. Alisubiri aone kama utamfanya kitu. Haukumfanya kitu, akautupa kwenye kopo la vyuma chakavu.

Mahali hapo alifagia, akakwangua mavi yaliyoganda, akamwaga chokaa kuua chawa. Banda jipya alilisukuma upande wa pili wa ua, kwenye ukuta, ambako ardhi ni ya juu na maji ya mvua hayatuami. Akatandaza maranda ndani, akaweka maji. Kwa fundi yeyote ilikuwa kazi safi.

Jioni shemeji akaja, matenga mawili kichwani. Aliyatua, akaenda kulikagua banda. Akatikisa mlango, akapitisha mkono kwenye wavu kuona kama kuna ncha za kumchoma kuku, akanusa maranda. Akayatazama yale maua ya chuma, akavuta mdomo.

"Si baya," akasema. Kinywani mwake hayo yalikuwa maneno makubwa. Kisha akageuza ndoo, akaikalia. "Tusubiri waingie."

Jua likapungua. Kuku wakaanza kukusanyika kama wanavyokusanyika kila jioni, na aliyewatangulia alikuwa koo mmoja mzee, mwekundu, mzito, ambaye marehemu alimwita Bi Mkubwa. Walikuja kwa mstari, bila haraka. Wakafika mbele ya banda la kijani. Wakalipita. Hata shingo hawakugeuza.

Walikwenda mpaka kwenye chokaa, wakasimama pale pale banda la zamani liliposimama. Bi Mkubwa akainua kichwa, akapima kwa jicho moja, akakunja miguu, akaruka. Aliruka kwenda pale juu ulipokuwa mlango wa kabati, akakuta hewa tupu, akaangukia kifua. Akajikung'uta chokaa. Akapima tena, akaruka tena. Wengine walijibana pamoja chini, kila mmoja ubavuni mwa mwenzake aliyemzoea, wakatulia, wanasubiri giza.

Fundi hakujua kwamba kuku wako hivyo. Kwenye kazi yake, ukimbadilishia mtu geti asubuhi, jioni anapita kwenye geti jipya na la zamani halikumbuki tena. Hakuna aliyemwambia kwamba kuku ukimhamisha lazima umfungie ndani kwanza mpaka azoee. Mzee Chanjo alidhani kila mtu analijua hilo, na aliyekuwa akilijua ndani ya nyumba hii hakuwepo wa kulisema.

"Huko," Fundi akawaambia kuku. "Huko, huko." Akawasogelea kwa mikono iliyotandazwa. Wakatawanyika, wakazunguka choo, wakarudi kwenye chokaa. Akawakimbiza. Mtu mzima na mabuti yake, anainama, anakosa, anainama. Alimkamata mmoja akamsukumia ndani, akaenda kumfuata wa pili, aliporudi kufungua mlango yule wa kwanza akapita kati ya miguu yake akakimbilia kwa wenzake. Goti likaingia kwenye matope ya kando ya beseni la maji. Akajaribu tena. Shemeji alikaa juu ya ndoo yake akitazama, na hakucheka, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kucheka.

Mwishowe Fundi akasimama anahema. "Shemeji, nipe mpaka kesho."

"Kesho." Shemeji akainuka. "Hiyo kesho yako mdogo wangu aliisubiri mpaka kaenda nayo kaburini."

Fundi aliyaona maneno hayo yakimfika, kama unavyoona mtu mwingine akipigwa ng'ambo ya barabara. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Wabebe."

Akawapa mgongo, shemeji na kuku na kila kitu, akaelekea karakana. Alikuwa anafikiria kochi. Alikuwa anafikiria kwamba ana usingizi.

Nyuma yake shemeji aliyakokota matenga mpaka kwenye chokaa, akafungua vifuniko, akakunja nguo magotini, akachuchumaa. Kisha akawaita kuku waje.

"Kuuu-ru. Kuuu-ru. Kuru-kuru-kuruuu." Ilianzia chini, ikapanda mwishoni, halafu ulimi ukagonga kaakaa haraka haraka, tko-tko-tko, na ikaanza tena.

Kuku wote wakainua vichwa. Fundi naye akasimama.

Shemeji akizungumza ana sauti ya kukwaruza, haifanani hata chembe na ya mdogo wake. Lakini wote wawili walifundishwa kuita kuku na mama mmoja, kwenye ua mmoja, wakiwa wasichana wadogo, na wito uliwatoka vile vile, kwa kupanda kule kule na pumzi ile ile. Kila jioni ya ndoa ya Fundi na mkewe wito huu ulipita ukutani ukaingia karakana. Ulimkuta Fundi na grenda mkononi, au na kofia ya kuchomelea usoni, na hata siku moja hakuuwekea sikio. Hakujua kwamba anao kichwani.

"Kuuu-ru. Kuuu-ru."

Hakuamua kugeuka. Kuku walikuwa wanakimbia, shingo mbele, mabawa nusu wazi, na yeye alikuwa anakwenda nyuma yao, kwa haraka ile ile, mpaka wakafika wote pamoja. Wao walizunguka miguu ya shemeji. Yeye alisimama katikati yao mikono ikining'inia, akimtazama yule mwanamke mdomoni. Akakaa chini kwenye chokaa.

"Nilikuwa namsikia," akasema. "Kila siku jioni. Kila siku nilikuwa namsikia."

Akataka kusema zaidi, badala yake kikatoka kitu tumboni kama kikohozi, kikafuatwa na kingine, na havikukoma. Alilia vibaya, kwa sauti ya ovyo, makamasi yakimteremka, kama mtu asiyejua kazi hiyo inavyofanywa. Iliuma. Iliuma kila mahali kwa mara moja, na kuku walimkanyaga mapaja wakitafuta punje ambazo hakuna aliyezimwaga.

Shemeji alibaki na mkono kwenye kifuniko cha tenga. Uso huu alikuwa akiufuata kila Jumatatu tangu siku ya mazishi. Alitaka auone kwa hasira, alitaka amuone huyu bwana anavunjika kama yeye alivyovunjika, na alidhani akiuona moyo wake utapoa. Haukupoa. Alimwekea shemeji yake kiganja utosini, akambana kama anavyobana kichwa cha mteja anayetaka kujitikisa, akakaa naye hivyo muda mrefu, na yeye mwenyewe akilia, ila kimya kimya kwa sababu alikuwa na mazoezi.

Kisha akafunga matenga. Akasimama, akaanza kurudi kinyumenyume kuvuka ua, akiita. Kuku wakamfuata. Alifika kwenye banda la kijani, akafungua mlango, akaendelea kuita akiwa ameinamia ndani, na wakaingia mmoja mmoja chini ya kwapa lake, Bi Mkubwa akiwa wa mwisho, akisimama kwanza kizingitini kukagua kila kona. Komeo likafungwa.

"Kesho usiwafungulie," shemeji akasema, sauti imemrudia ya kukwaruza. "Wala keshokutwa. Chakula wape humo humo mpaka wazoee."

Fundi alikuwa bado chini, amejaa chokaa mpaka kwenye nyusi. Akaitikia kwa kichwa. Shemeji akachukua matenga yake matupu, akayapanga moja juu ya jingine, akatafuta kata yake ya kichwani.

"Shemeji."

"Naam."

"Ita tena."

"Wameshaingia wote. Nimwite nani?"

"Ita tu."

Shemeji akautazama ua. Hapakuwa na kuku hata mmoja, ni chokaa tu imevurugwa, na mtu amekaa. Akayatua matenga. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaita.